Usiku wangu wa kwanza katika msitu wa Rungwe

Nimekulia Mbeya mjini, na kila basi la Tukuyu nililopanda tangu utotoni limenipitisha chini ya mlima Rungwe. Kulala msituni kwenyewe, sijawahi. Septemba iliyopita nikaazima hema, nikamtafuta mzee mmoja wa Isongole anayeongoza wageni, tukapanda.

Viazi, kisha mipaina, kisha ghafla msitu wa asili, na saa sita mchana ikawa kama jioni. Miti imevaa kuvumwani hadi matawini. Chini udongo ni mweusi, mguu unazama.

Jioni nilichagua mahali pa hema palipokuwa laini, penye majani makavu. Mzee alipaangalia akasema, "Mwanangu, hapo pamebonyea. Maji yatakufuata." Mbingu ilikuwa safi na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Baba, leo hakuna mvua." Hakubishana.

Saa nane usiku niliamka mgongo umelowa. Mvua kweli haikuwepo. Ukungu ulikuwa umepanda, unanasa kwenye majani, unadondoka tone kwa tone, na matone yote ya pale yalikuja kukusanyika chini yangu. Ndipo nilipoelewa kwa nini vijito vya mlima huu havikauki hata kiangazi. Mzee alitoka kimya, akashika upande mmoja wa hema, tukalihamishia mwinukoni. Nilimwomba radhi. Akawasha jiko la gesi, akachemsha chai.

Usingizi haukurudi. Perere, mnyama mdogo wa mitini, alikuwa akipiga kelele za kutisha juu ya miti, na baridi ile ya Rungwe inaingia hadi kwenye meno. Tukaongea habari za kipunji, kima niliyekuja kwa ajili yake. Watafiti walisikia habari zake mwaka 2003 kwa wawindaji wa Kinyakyusa, na kwa kuwa Wanyakyusa wana simulizi nyingi za wanyama wa mizimu, haikujulikana kama huyu ni wa kweli. Mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. "Babu yangu alikuwa akimfukuza kwenye mahindi," mzee akasema. Tangu usiku ule neno "aligunduliwa" linanikwama kooni. Na ukiacha misitu hii ya Rungwe na Kitulo, anaishi Ndundulu tu, kule Udzungwa, kilomita kama 350 kutoka hapa. Hana kwingine duniani.

Alfajiri mzee alinigusa bega. Kutoka bondeni ulikuja mlio mzito, nusu kubweka, nusu honi ya lori la mbali. Tukakaa bila kusogea. Baada ya muda tawi likayumba, akatokea mmoja: uso mweusi, nywele za utosi zimesimama, mkia mrefu wenye weupe nchani. Wakafuata wengine. Nilihesabu watano, mmoja amebeba mtoto tumboni. Hawakutujali. Walivuka juu yetu wakielekea jua linakotokea, na matone waliyoyatikisa yakatulowesha upya.

"Ndaga fijo," asante sana, nikamwambia mzee, kwa Kinyakyusa changu kidogo.

Hema tulilikunja likiwa bichi.