Kumbukumbu za Jukwaa la Mlimani

Nimekuwa nikisaidia kupanga kumbukumbu za maonyesho ya jukwaani yaliyofanyika hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ratiba kadhaa hazina mwaka, lakini kichwa cha karatasi husaidia: hadi katikati ya 1970 chuo hiki kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hivyo jina hilo likionekana, kuna uwezekano mkubwa kwamba onyesho ni la kabla ya hapo.

Pini za chuma zimeota kutu kwa unyevunyevu wa pwani na kuacha madoa ya kahawia, nasi tunazing'oa taratibu bila kuvuruga mpangilio wa awali wa karatasi. Ninachokithamini zaidi ni miswada ya waongozaji, maana maelezo ya penseli pembeni, kama vile ngoma inyamaze lini na mwigizaji aingie upande upi, hayapatikani hata katika tamthilia iliyochapwa.

Kanda za kaseti ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa kuwa huharibika haraka kwenye joto na unyevu. Ndugu zangu mliowahi kuigiza, kupiga ngoma au kushona maleba Mlimani, tafadhali msizitupe picha na ratiba mlizo nazo, niandikieni.