Klachi mpya, kelele mpya

Klachi, kiungo cha injini na giaboksi, ilianza kuteleza nikiwa gia ya nne. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, gari halina habari. Kosa langu: niliongeza presha ya tabo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, nikaisahau klachi ya kiwandani.

Giaboksi iliposhushwa, sahani ya klachi ilikuwa imelika hadi karibu na ribiti, na flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo sahani hubanwa juu yake, ina madoa ya bluu ya moto. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Moyo ulitaka sahani ya vipande vya seramiki na flaiwili nyepesi ya kipande kimoja. Inabeba nguvu kweli, na injini inapandisha mizunguko chap. Lakini seramiki hunata ghafla, kwenye foleni gari linarukaruka kama chura. Nami gari hili naendea kazini! Nikachukua sahani ya kawaida yenye presha pleti (inayoibana sahani) ngumu zaidi.

Kwenye flaiwili nilishindwa kujizuia. Ile ya awali ilikuwa ya vipande viwili vyenye springi katikati, zinazomeza mitetemo ya injini. Ile nyepesi niliyofunga haina. Sasa gari likisimama bila gia, gia zinagongana kama kokoto kwenye kopo. Nikikanyaga klachi, kimya. Abiria wote huuliza.

Bolti za flaiwili, beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili isivuje) nilibadilisha papo hapo. Nani ashushe giaboksi mara mbili?

Kwa sasa naendesha polepole mpaka sahani ikae sawa. Mguu wa kushoto unauma kwa ugumu wa klachi.