Matuta ya Paji la Uso

Nyumba niliyopanga chumba Minneapolis, Marekani, ilikuwa na sheria moja. Ijumaa, ikigonga saa moja jioni, hakuna simu, hakuna kukaanga chochote chenye kelele, wala hakuna kuuliza swali mpaka matangazo ya biashara. Mwenye nyumba alikuwa mpeleka barua wa posta, mtu wa makamo mwenye magoti mabovu, mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, tangu ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1966, yeye akiwa mtoto wa shule. Kodi alinipunguzia siku nilipomtajia kwamba lugha ya kwetu ni Kiswahili. Alikwenda kabatini akarudi na kanda ya kipindi cha 1967, ambamo mtambo mmoja unamfuta kumbukumbu Luteni Uhura, ofisa wa chombo chao, na wanapomfundisha Kiingereza upya anakwama, Kiswahili kinamtoka.

"Anasema nini hapa?"

Nilirudisha kanda mara tatu. Lafudhi haikuwa ya Tanga wala ya Mombasa, ya Unguja ndiyo kabisa, lakini kilikuwa Kiswahili. Tangu hapo nikawa mtu wa kuulizwa, hata mambo nisiyoyajua.

Hii ninayoisimulia ni Februari 2005. Mwanzoni mwa mwezi ule ilikuwa imetangazwa kwamba Enterprise, tamthilia pekee ya ukoo ule iliyokuwa bado hewani wakati huo, inafutwa, na sebuleni palikuwa kama matangani. Tulikuwa wanne: mwenye nyumba, mwanafunzi wa kemia aliyepanga chumba cha chini, muuguzi wa jirani, na mimi. Mabishano yetu yalikuwa juu ya jambo moja tu: asili ya Waklingon, taifa la wapiganaji wa sayari nyingine humo Star Trek.

Kwa asiyejua: Waklingon walipotokea mara ya kwanza, 1967, walikuwa watu tu. Wamepakwa rangi ya kahawia, wamebandikwa masharubu, basi. Ilipotoka filamu ya 1979, Waklingon walewale wana matuta kwenye paji la uso kama mgongo wa mamba, na hakuna aliyesema kumetokea nini.

"Hela," alisema mwenye nyumba. "Wakati ule hapakuwa na hela ya kutengeneza sura. Kuna fumbo gani?"

Kijana wa kemia alishikilia kwamba ni makabila mawili, moja la matuta na moja la sura laini, na zamani tulionyeshwa moja tu. Mimi nikawa upande wake. Muuguzi akatuuliza: na Kor, Kang na Koloth je? Wale watatu walikuwa na sura laini miaka ya sitini, wakarudi 1994, waigizaji walewale, majina yaleyale, safari hii na matuta. Mtu habadilishi kabila uzeeni. Yeye alisema ni maradhi. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atazoa theluji mlangoni mpaka Machi.

Ijumaa ya tarehe 18, kipindi kikaanza kumpa muuguzi ushindi. Waklingon wameiba chembe za urithi za binadamu walioboreshwa maabara, wakajaribu kuwaongezea nguvu askari wao, ikatokea homa ya kuambukiza, na matuta yakaanza kuyeyuka. Kikakatwa hapo, subirini wiki ijayo. Mwenye nyumba alikasirika mpaka akaenda kuleta kanda nyingine, ya 1996, kutuonyesha jinsi jambo hilo lilivyopaswa kushughulikiwa. Humo wasafiri wanarudi nyuma miaka mia na zaidi, wanawaona Waklingon wenye sura laini, na wote wanamgeukia Worf, mwenzao wa safari, yeye Mklingon mwenye matuta, wakisubiri maelezo. Anasema ni hadithi ndefu. Wanamng'ang'ania. Anasema hayo hatuyazungumzi na watu wa nje.

Wenzangu walicheka. Mimi kicheko kilinikwama.

Katika nyumba ile nilikuwa nimejitambulisha kama Mshirazi. Kwetu Pangani, babu yangu mkubwa alikuwa akitusomea nasaba baada ya magharibi, jina kwa jina mpaka Uajemi, na kila alipofika kwa mama yake bibi alikohoa, akaruka. Nilikuwa na miaka kama tisa, kwenye harusi, shangazi mmoja wa upande wa pili alipogombana na mama kwa sababu ya sufuria za pilau akapasua sauti: "Nyinyi wajukuu wa ndonya!" Wanawake wote wakanyamaza. Nilipouliza ndonya ni nini, bibi alinishika sikio bila kuliminya. "Hayo ni ya ndani," alisema.

Saa nne usiku nikakwangua kadi ya simu. Kwetu kulikuwa kumekucha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Huko Ulaya umekula?" Kwake Marekani nayo ni Ulaya.

Nilizungukazunguka, kisha nikauliza. Upande wa pili nilisikia jogoo, nikasikia mtu anapita na baiskeli. Bibi alikuwa amevuka themanini, na nilidhani atanikatia simu.

"Mama yangu alikuwa akila anageukia ukutani," alisema. "Hata mbele yetu sisi wanawe. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la kuvalia ndonya, chakula cha maji kilimtoka. Nje alijifunika kanga mpaka puani. Alichukuliwa mdogo huko Nyasa, wakamleta shamba la miwa. Aliyemnunua ndiye baba yangu." Akanyamaza tena. "Umetumia hela ya simu kuniuliza mdomo wa mama yangu?"

"Jina lake nani, bibi?"

"Lipi? La kwao au la hapa?"

Kadi ikaisha. Mpaka leo sipendi kusikia sauti ile ya mwanamke wa Kiingereza akihesabu dakika zilizobaki.

Ijumaa iliyofuata dawa ikapatikana: homa ikazuiwa, watu wakapona, lakini matuta hayakurudi, na watoto wao watazaliwa na sura laini. Muuguzi alipiga makofi. Mwenye nyumba alisema wameharibu. Worf alikuwa amelijibu swali vizuri zaidi kwa kukataa kulijibu. Siku zile nilikubaliana naye. Sasa sikubaliani naye tena, lakini hilo ni langu.

Kijana wa kemia, aliyeshindwa pamoja nami, akanigeukia. "Wewe afadhali. Kwenu mnajua mlikotoka mpaka Uajemi."

"Nusu," nikasema. "Nusu nyingine ni hadithi ndefu."

Wakacheka wote, wakidhani namwiga Worf. Mwenye nyumba hakucheka. Alizima televisheni, akanitazama kidogo, kisha akatazama dirishani. Theluji ilikuwa imefika ngazi ya pili. Nikavaa koti, nikachukua beleshi, nikatoka kulipa dau langu. Sijafika nusu ya njia nikasikia mlango nyuma yangu. Alikuwa yeye, na magoti yale, ameshika beleshi la pili. Akaanzia upande wa barabarani, bila kuniuliza kitu.