Mchuzi Unaomwagwa

Guangzhou, China, Jumapili usiku

Leo nimempika chewa mzima kwa mvuke kwa mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza ayi, mama mwenye nyumba ninayopanga, hakunikosoa hadi ubavu wa juu ulipokwisha kuliwa.

Kwa Wakantoni, wenyeji wa huku, upishi wa samaki huanzia sokoni. Muuzaji alimchota chewa akiwa hai kutoka kwenye tangi, akampima na kupata jin moja na nusu, yaani gramu 750, kisha akampara magamba na kumtoa matumbo. Tulipofika nyumbani ayi alimrudia upya: kwa ncha ya kisu aliikwangua damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo, akasuuza na kusuuza tena mpaka maji yakatoka meupe. Harufu wanayoikimbia wanaiita “xing”, nami sikuhitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ni shombo letu lilelile. Mimi nimelelewa Tanga, ambako shombo hukatwa kwa ndimu na chumvi, samaki akakaangwa na kutiwa kwenye tui la nazi. Nilipoulizia ndimu, ayi alitikisa kichwa, maana ukali wake huikaza nyama hata kabla haijaona moto. Hapa kazi hiyo huachiwa tangawizi na kitunguu cha majani. Wengine huongeza mvinyo wa mchele, ambao ayi, akinijua, hakuugusa.

Samaki hulazwa juu ya vijiti viwili vya kulia vilivyopangwa kwenye sahani, ili mvuke umpitie na chini pia, na sahani haiingii ndani ya karai mpaka maji yawe yanatokota. Mara ya kwanza nilianza na maji baridi, kisha kwa kuogopa ubichi nikamwacha dakika 20, na nyama ikawa kama pamba iliyolowa. Leo nilihesabu dakika 9, nikazima moto, nikakiacha kifuniko mahali pake kwa dakika 2 zaidi. Nilipofunua, jicho lilikuwa limechomoza, jeupe kama shanga, na nyama ya karibu na mfupa ilikuwa bado imeushika kidogo, jambo ambalo kwetu lingemrudisha samaki jikoni lakini kwao ndilo linalotafutwa.

Kinachonitesa ni hatua inayofuata. Maji yote yaliyojikusanya sahanini humwagwa, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyopikwa navyo. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba utamu wa samaki umo mchuzini, kuinamisha sahani ile juu ya sinki ni kama kumwaga chakula chenyewe. Nilisita, nikayanusa, na shombo lote lilikuwa limehamia humo. Nikayamwaga. Juu ya samaki nikatandaza vitunguu na tangawizi vipya vilivyokatwa nyembamba kama nyuzi, nikamiminia mafuta yaliyoanza kufuka moshi, vikalia chaaa, na mchuzi wa soya uliopashwa moto na sukari kidogo nikaupitisha pembeni mwa sahani ili ngozi isichafuke.

Mezani kichwa kilielekezwa kwa ayi, aliye mkubwa wetu. Ubavu wa juu ulipokwisha nilinyoosha vijiti nimgeuze samaki, na hapo ndipo aliposema: “Usimpindue!” Wavuvi wa pwani ya Guangdong, jimbo ulimo mji huu, huona kumpindua samaki ni kupindua chombo baharini, na ingawa yeye hajawahi kuishi kwa uvuvi, meza yake inafuata mwiko huo. Akaushika uti wa mgongo kwenye mkia, akauinua taratibu kuelekea kichwani, ukatoka mzima, na ubavu wa chini ukabaki wazi mbele yetu. Nyama ya shavu akaiweka kwenye bakuli langu.

Sahanini palibaki soya iliyochanganyika na mafuta na utomvu wa samaki. Nikaomba wali zaidi, nikaumwagia wote.