Siku ya mashindano yetu ya kuwinda Vurhonga

Saa 11 alfajiri nilikuwa macho tayari, simu mkononi. Kundi letu la gemu la kuwinda lilikuwa limeshaamka kabla yangu. Jamaa wa Maskati, ambaye saa yake iko mbele ya yetu kwa saa moja, alikuwa ameandika: "Shekhe, leo hakuna sasisho? Maana nimeliota." Nami nilikuwa na hofu hiyohiyo. Gemu likipata sasisho usiku wa kuamkia mashindano, mwenye bando dogo hawezi kulishusha kwa wakati, na asiyelishusha hawezi kuingia chumba kimoja cha mtandaoni na wenzake. Niliwasha kompyuta ya nyumbani nikatazama. Hakukuwa na kitu. Niliandika "Salama, tuko sawa," nikaenda kuoga.

Gemu lenyewe ni theHunter: Call of the Wild, kazi ya studio ya Uswidi iitwayo Expansive Worlds, lililotoka 2017. Nawaeleza wasiolijua: si gemu la kufyatua ovyo. Unaweza kutembea nusu saa nzima kwenye nyasi ukifuata nyayo, ukakanyaga tawi kavu, mnyama akasikia, ukarudi mikono mitupu. Upepo ukigeuka ukabeba harufu yako, hadithi imeisha. Kila mnyama ana ratiba yake ya kunywa, kula na kulala, na mwindaji anayeijua ratiba hiyo anamtangulia kwenye maji na kumsubiri. Mimi nalipenda kwa utulivu huo. Kijana anayeingia kibandani kwangu akipiga kelele, akikaa nalo saa moja anaanza kunong'ona bila kuambiwa.

Saa 1 asubuhi nilifungua kibanda, hapa Sinza, Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza kompyuta na kukodisha mashine za gemu. Nina kompyuta tano na pleistesheni mbili. Jambo la kwanza ni umeme: niliingiza tokeni za kutosha hadi kesho yake. La pili ni faili. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya mashindano yawe ya haki.

Chumba kimoja cha gemu hili kinachukua watu wanane. Mimi ndiye mwenyeji, na mwenyeji anahesabiwa, kwa hiyo nafasi zinabaki saba. Walioomba kushiriki walikuwa 14. Nikawagawa makundi mawili, saba asubuhi na saba usiku. Tatizo ni kwamba wanyama ni wa mwenyeji. Wanakaa kwenye faili ndani ya kompyuta yake, kila dume na pembe zake. Kundi la asubuhi likiua madume makubwa, kundi la usiku litakuta hifadhi nyingine kabisa. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa nilinakili faili la wanyama wa Vurhonga, hifadhi ya ndani ya gemu tunayowindia, nikaliweka pembeni, ili kundi la pili nilirudishie hifadhi ileile iliyokuwa asubuhi. Nililifungua mara mbili kuhakikisha. Mtu aliyeomba ruhusa kazini ili aje acheze hastahili kukuta mabaki ya wenzake.

Vurhonga haipo kwenye ramani ya dunia. Watengenezaji wa gemu waliitunga 2018 kwa sura ya kusini mwa Afrika, ndiyo maana springbok, swala wa kusini, wamejaa. Lakini humo humo wameweka tandala mdogo, ambaye kusini hayupo. Huyo ni wa huku kwetu, wa Ruaha, wa Tsavo. Mara ya kwanza kumwona kwenye skrini, na ile mistari myeupe mbavuni, nilisimamisha mchezo nikamwita mke wangu aje aone. Nikachagua wanyama watatu wa mashindano: tandala mdogo, choroa na nyumbu. Mmoja wa kila aina, basi.

Saa 3 tuliunganishwa wote kwa sauti nikasoma sheria. Wote walikuwa wameshazisoma kwenye kundi, lakini sheria inayosomwa kwa sauti haina "mimi sikuona". Saa moja na nusu ya kuwinda. Risasi sita tu. Pointi ni kwa daraja ambalo gemu linampa mnyama: shaba 1, fedha 2, dhahabu 3, almasi 5. Aliyemwangusha mnyama kwa risasi moja anaongezewa 1. Picha ya skrini ya kila mnyama inatumwa papo hapo, ikionyesha risasi ilipopita. Kiingilio hakuna, kwa sababu kiingilio chenye fedha mwishoni kinaanza kunuka kamari, na hapa nina watoto wa watu. Zawadi ni hedifoni moja nzuri niliyoinunua mwenyewe.

Kisha sheria ya mwisho, ambayo niliisoma mara mbili: mnyama ukimjeruhi, ni wako mpaka umpate. Ukimwacha ukaenda kupiga mwingine, unapoteza mnyama wako bora.

Dada mmoja wa Arusha, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, akauliza: "Kaka, na nani atajua kama nimejeruhi?"

Nikamwambia, "Wewe, dada yangu."

Saa 4 kamili tuliingia. Niliweka saa ya hifadhini iwe asubuhi na mapema, nikampandisha mtu wangu kilimani, nikawa natazama alama zao kwenye ramani zikisambaa polepole. Watatu walikuwa kibandani pamoja nami, wengine Arusha, Dodoma, na jamaa wa Maskati. Kwa dakika kumi na tano hakuna aliyesema neno. Unasikia ndege wa kwenye gemu na pangaboi tu. Halafu mlio mmoja, mbali, na muuguzi akanong'ona, "Choroa. Mmoja. Ameanguka palepale." Picha ikaingia: dhahabu, risasi imepita mapafu yote mawili. Wale watatu kibandani waligeuka kutazama simu yangu bila kutoa sauti.

Dakika ya 40 umeme ulikatika.

Kompyuta yangu ilikuwa kwenye yupiesi, ile betri ya akiba, haikuzima. Ruta ndiyo niliyokuwa sijaiunganisha. Mtandao ukafa, na mwenyeji akipotea wageni wote wanatupwa nje. Nilisimama pale gizani na mashine ikiwaka, mimi peke yangu ndani ya Vurhonga, na moyo ukaniuma kweli. Muuguzi hakuwa amelala. Jamaa wa Maskati alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Msaidizi wangu alikimbilia jenereta, mimi nikahamisha waya wa ruta, na dakika kumi na mbili baadaye tulikuwa hewani tena.

Sasa uamuzi. Wawili walitaka tuanze upya kwa faili safi, kila mtu sifuri. Nilikataa. Ningerudisha faili safi, choroa wa muuguzi angefufuka na mtu mwingine angempiga. Aliyekwisha pigwa na kupigwa picha amekwisha. Nikaendelea na hifadhi kama ilivyokuwa, nikawapa dakika 50 zilizobaki na nyongeza ya dakika 10 za kurudi walipokuwa. Jamaa wa Dodoma, ambaye nyumbu wake aliyekuwa akimnyemelea alipotelea kwenye katizo lile, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Sawa mwenyekiti, twende." Nilimshukuru mbele ya wote, na hapa namshukuru tena.

Kundi la kwanza lilimaliza hivi: muuguzi pointi 8, Maskati 7, waliobaki chini ya hapo. Muuguzi alituaga akaenda kulala.

Mchana sina mengi ya kueleza. Nilikula wali maharage wa mama lishe wa jirani nikiwa nimesimama, nikatengeneza laptopu moja ya mwanafunzi iliyomwagikiwa chai, nikawaangalia watoto wa mpira kwenye pleistesheni. Mmoja aliuliza kwa nini hatumwachii naye aingie. Anacheza gemu hilohilo, lakini kwenye pleistesheni, na chumba chetu ni cha kompyuta. Nilimwahidi kiti kwenye kompyuta mwezi ujao na nimeiandika ahadi hiyo ukutani.

Saa 10 alasiri kijana wa Mombasa alipiga simu. Yeye alikuwa kundi la usiku. Alitaka ushauri wa upepo, nami nikamwambia siwezi kumpa yeye peke yake, basi tukazungumza mengine. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Kwetu Tanzania upo, kwa leseni na kwa maeneo. Akasema, "Mimi, kaka, nimezaliwa kukiwa hakuna kitu kama hicho. Hata babangu hakukiona akiwa mkubwa. Nyayo za choroa nimejifunzia humu humu." Nilimuuliza kama ameshaona choroa wa kweli. Alimwona mara moja, Tsavo, safari ya shule, kupitia dirisha la basi, na tangu siku hiyo hajaacha kumfikiria.

Saa 1:30 jioni nilirudisha faili lile lililonakiliwa. Niliangalia ruta mara tatu.

Saa 2 usiku kundi la pili liliingia, na hili lilikuwa kundi kali. Picha zilianza kuja mapema. Kijana wa Mombasa alipata nyumbu wa fedha kwa risasi moja, kisha tandala mdogo wa dhahabu, naye kwa risasi moja, pembe zimejipinda vizuri na yale mabaka meupe shingoni. Dakika ya 80 akatuma choroa wa fedha, risasi moja. Nikajumlisha: 4 na 3 na 3. Kumi. Msaidizi wangu akaitoa hedifoni kwenye boksi akaifuta.

Saa 3:30 nilitangaza muda umekwisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja mshindi alipozungumza yeye.

"Kaka, subiri kwanza. Choroa yule wa mwisho si wa kwanza. Kuna mmoja nilimpiga kabla, dakika ya 60 hivi. Nilimpiga nyuma sana, nafikiri tumboni. Nikaifuata damu hadi kwenye mawe, ikapotea, nikaona muda waenda, nikamwacha."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Risasi zake zilikuwa nne kati ya sita, ndani ya hesabu. Picha zake zote zilikuwa safi.

Nikamuuliza, "Una hakika humpati?"

"Sikumpata."

Kanuni ilikuwa yangu, niliisoma mara mbili. Nikamtoa tandala wa dhahabu. Akabaki na 6. Mshindi akawa muuguzi wa Arusha, kwa pointi 8, naye alikuwa ameamka dakika chache kabla na kusikia mazungumzo yote. Hakushangilia. Alisema, "Asante, mdogo wangu," na kwenye sauti ile ya simu nilisikia kwamba alimaanisha. Kisha kundi zima likaanza kumpongeza dada, na kumpongeza kijana, mpaka sauti zikagongana na sikuweza kumsikia mtu hata mmoja. Hedifoni itapanda basi la Arusha Jumatatu.

Nimepanga mashindano haya mara tano sasa. Watu huniuliza kwa nini naweka sheria ambayo siwezi kuisimamia. Naiweka kwa sababu naona gemu lote limejengwa juu yake. Waliolitunga wangeweza kuwatengenezea wachezaji wanyama wanaotoweka wakipigwa vibaya. Badala yake wameweka damu ardhini, tone kwa tone, na kifaa cha mkononi kinachokusomea ile damu ili umfuate hadi mwisho. Mtu asiyemfuata amecheza nusu tu.

Saa 4:30 usiku wote walikuwa wametoka. Nilikuwa nazima kompyuta za kibanda moja moja. Nilipofika kwenye yangu, niliona chumba bado kina watu wawili: mimi na kijana wa Mombasa.

"Kaka, usizime. Naomba dakika ishirini."

Msaidizi alishaondoka. Nilivuta kiti, nikamshusha mtu wangu kutoka kilimani, nikaenda kumkuta kwenye yale mawe. Ilikuwa jioni huko Vurhonga, mwanga mwekundu, upepo unatupiga usoni. Alinionyesha damu ilipokoma. Tukazunguka, yeye kulia, mimi kushoto, tukiinama kila kwenye kichaka. Mara mbili alisema tuache, mimi nikamwambia bado. Mara ya tatu nilichoka mimi, akakataa yeye.

Saa 5 kasoro aliipata alama mpya, tone moja kwenye mchanga, upande ambao hatukuufikiria kwa sababu choroa alikuwa amerudi nyuma kuelekea majini. Tukaifuata. Tone, nyayo, tone. Akaacha kuzungumza. Nilisikia pumzi yake kwenye spika, na nyuma yake redio ya jirani.

Alikuwa amelala kwenye matete, pembe zake mbili ndefu zikichomoza juu ya majani. Kijana alisogea, akafungua picha ya mwisho: risasi imepita tumboni, kama alivyosema. Shaba.

"Nimempata," akasema.