Picha ya nini? Safari ya Lacock, Lyon na Dessau

Onyesha picha dhahania, yaani ya maumbo na mwanga bila kitu kinachotambulika, mbele ya watu na swali huwa lile lile: hii ni picha ya nini? Swali hilo ndilo lililonipandisha treni. Nilitaka kusimama pale walipokuwa wamesimama wapiga picha wa mwanzo wa aina hiyo, nione macho yao yalikuwa yameelekea wapi.

Nilianzia Lacock, kijiji cha Wiltshire nchini Uingereza. Kutoka London unashukia Chippenham, kisha unamalizia kwa basi. Pale ipo nyumba kubwa ya mawe, zamani makao ya watawa wa kike, baadaye nyumba ya familia ya William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Mnamo Agosti 1835 Talbot aliweka kisanduku cha mbao chenye lenzi mbele ya dirisha la ukumbi wa kusini, akauacha mwanga ufanye kazi. Kilichotoka ni negatifu, picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, ndogo kama stempu: vipande vya kioo vimekuwa vyeusi, mistari inayovishika imebaki myeupe. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ilipokuwa mpya mtu angeweza kuhesabu vipande hivyo, kama 200, kwa kutumia kioo cha kukuzia.

Dirisha hilo bado lipo. Nilikaa mbele yake mpaka wageni wengine wakaanza kunizunguka. Ukisimama hapo unaona bustani, miti, anga. Katika negatifu hakuna hata kimoja kati ya hivyo, umebaki mtandao wa mistari tu. Talbot hakuwa na nia ya kuanzisha mtindo wa sanaa. Alikuwa mwanasayansi anayejaribu chumvi za fedha, kemikali zinazogeuka nyeusi zikipata mwanga, juu ya karatasi. Hata hivyo mimi nashikilia kwamba umbo tupu lilikuwemo ndani ya upigaji picha tangu siku zake za utotoni, kabla hata sura ya mtu haijaweza kutulia mbele ya kamera.

London nilipita tu. Huko Alvin Langdon Coburn, Mmarekani, aliandika mwaka 1916 akipendekeza yafanyike maonyesho ya picha dhahania, halafu akafunga vioo vitatu vya kujitazamia kwa umbo la pembetatu mbele ya lenzi, akapiga picha za fuwele na vipande vya mbao, navyo vikaonekana kama vimevunjikavunjika kuwa miale. Mwaka 1917 akazitundika picha hizo ukutani wazi. Paris nayo niliigusa kwa haraka: nilikwenda kuitazama kwa nje nyumba ya 31 bis, rue Campagne-Première, alikokuwa na studio Man Ray, aliyekuwa akiweka vitu vya kawaida moja kwa moja juu ya karatasi inayohisi mwanga, bila kamera. Vyombo vya kila siku vikageuka vivuli visivyojulikana.

Lyon ndiko nilikokawia. Mtaa wa Monplaisir, hatua chache kutoka kituo cha metro, ipo nyumba ya kifahari ya familia ya Lumière, waanzilishi wa sinema. Wengi huja kwa ajili ya sinema. Mimi nilikuja kwa ajili ya viazi. Sahani za Autochrome, vioo vyao vya kupigia picha za rangi vilivyoanza kuuzwa mwaka 1907, zilitengenezwa kwa punje za wanga wa viazi zilizotiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, zikachanganywa na kutandazwa juu ya kioo, nafasi kati yake zikazibwa kwa unga wa makaa. Mwanga ulipita kwanza katika punje hizo, kila punje ikiruhusu rangi yake, ndipo ukafika kwenye tabaka linalohisi mwanga. Baada ya kusafishwa kwa dawa, unaitazama sahani hiyo hiyo dhidi ya mwanga na rangi zinarudi.

Nilisogea karibu na sahani moja mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kioo kilichoikinga. Punje moja moja huioni kwa macho matupu, ni ndogo mno, upana wake kama sehemu ya mia ya milimita. Ila kwa kuwa zimetandazwa ovyo, za rangi moja hushikana vishada, na vishada hivyo unaviona. Uwekundu wa gauni ukiukaribia hugeuka vumbi la chungwa lililochanganyika na zambarau, na nyasi zina chembe ambazo si za kijani kabisa. Ukirudi nyuma hatua mbili, gauni linarudi kuwa gauni. Nilikwenda mbele na nyuma hivyo kwa muda mrefu, nikiwa na furaha isiyo kifani. Rangi tunayoiamini sana katika picha imesimama juu ya madoa yasiyo na sura yoyote.

Kisha Ujerumani. Dessau ni mji mtulivu, na jengo la Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, la mwaka 1926, kazi ya Walter Gropius, liko karibu na stesheni. László Moholy-Nagy, mwalimu wa shule hiyo, alisimama chini ya roshani za makazi ya wanafunzi akaelekeza kamera juu. Nilifanya vivyo hivyo, shingo ikauma. Kutoka chini roshani hupoteza kazi yake: unapata mistatili mieupe inayopandana na vivuli vya vyuma vilivyokatwa kwa ukali. Jua likisogea kidogo picha nzima inakuwa nyingine, kwa hiyo anayetaka kupiga pale asiende kwa pupa.

Kwa miguu nilifika Ebertallee, kwenye nyumba za walimu zilizo katikati ya misonobari. Nusu ya nyumba pacha aliyokaa Moholy-Nagy ilibomolewa na bomu la vita. Iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014 imeachwa makusudi bila undani: kuta laini, madirisha yasiyoonyesha ndani, kama kumbukumbu iliyofifia. Nilipiga kivuli cha msonobari juu ya dirisha mojawapo. Ni picha ninayoipenda kuliko zote za safari hii.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Lucia Moholy, mkewe. Yeye ndiye aliyesomea ufundi wa chumba cha giza, na walianza majaribio ya fotogramu, picha zisizotumia kamera kama zile za Man Ray, pamoja mwaka 1922, lakini sifa zikamwendea mume. Alipoikimbia Ujerumani mwaka 1933 aliacha negatifu zake za kioo, zikaangukia mikononi mwa Gropius, na picha zake za Bauhaus zikachapishwa kwa miaka bila jina lake. Alirudishiwa sehemu tu mwaka 1957. Nikiwa Ebertallee swali langu lilibadilika. Mwanga ulipita wapi, naweza kueleza. Nani aliyeipeleka karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha ni jambo ambalo maelezo ya chini ya picha yanapaswa kutaja, na kwa fotogramu za miaka ile jina la Lucia liandikwe pamoja na la László.