Kibali cha Kukata Lami Mpya Huombwa Wakati Gani?

Lami mpya inapokatwa katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, swali la kwanza la wakazi huwa ni nani aliyetoa kibali. Ni swali la haki, kwa kuwa mtu aliyevumilia vumbi na njia za mchepuko kwa miezi kadhaa akisubiri barabara ikamilike hastahili kuona mtaro umechimbwa katikati yake kabla hata mistari ya rangi haijafifia. Hata hivyo, naona swali hilo huulizwa likiwa limechelewa. Ombi la kibali linapofika mezani kwa mhandisi, bomba halipo chini ya lami, mteja ameshalipia maunganisho yake ya maji, na kilichobaki kuamuliwa ni ukubwa wa hasara tu. Ningependa tuanze kuuliza ni nani aliyejulishwa kabla ya lami kumwagwa.

Hasara yenyewe hupimwa kwa makosa. Wengi hudhani kwamba kukata barabara ni kuondoa kipande na kukirudisha, hivyo mwenye kukata akilipia kipande hicho deni lake limekwisha. Barabara ya lami ni matabaka: chini kuna udongo ulioshindiliwa, juu yake changarawe na kokoto, ndipo ikaja lami. Matabaka hayo hubeba mzigo kwa sababu yamebanana, kila sehemu ikiegemea sehemu ya jirani. Mtaro ukifunguliwa, kuta zake hukosa egemeo na huanza kulegea kuelekea ndani hata pale ambapo hazikuporomoka, na kwa hiyo udhaifu huenea nje ya mstari wa msumeno kwa kiasi kinachoweza kukaribia mita moja kila upande.

Kisha hufuata kazi ya kufukia, ambayo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Udongo unapaswa kurudishwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likishindiliwa likiwa na unyevu unaofaa kabla ya jingine kuwekwa, lakini mtaro mwembamba hauingizi mashine kubwa, na vijana wenye koleo waliokodishwa kwa kazi ya siku moja hawana sababu ya kuhangaika na tabaka ambazo hakuna atakayezikagua. Kifusi humiminwa chote kwa pamoja, hukanyagwa juu kwa juu, na zege au lami kidogo hufunika siri hiyo. Masika yakiingia, maji hupenya katika kiungo kati ya lami ya awali na kiraka, udongo uliolegea hushuka, na baada ya muda kila dereva wa bajaji anajua mahali pa kupunguza mwendo. Wahandisi makini hudai kiraka kiwe kipana kuliko mtaro wenyewe, ili kingo zake zikae juu ya udongo ambao haukuguswa, na kwa kweli hilo husaidia sana. Pamoja na hayo, bado kiungo kipo, na maji hayahitaji mlango mkubwa.

Jiji la San Francisco nchini Marekani limeweka jambo hili katika sheria zake za kazi za umma: barabara iliyojengwa upya au kuwekewa tabaka jipya la lami haichimbwi kwa miaka 5, isipokuwa kwa dharura au pale ambapo mkurugenzi wa idara husika ameridhika kwamba ipo sababu ya msingi ya kuondoa zuio. Anayesoma juu juu huishia kwenye ile miaka 5 na kuipongeza. Kwangu mimi sehemu yenye thamani ni ile inayoitangulia, kwa maana kampuni na idara zenye mabomba na nyaya chini ya barabara hutakiwa kuliwasilishia jiji mipango yao ya kazi kubwa za miaka 5 ijayo, na jiji huilinganisha na ratiba yake ya kuweka lami, ili pale ambapo mipango miwili inakutana katika mtaa mmoja, wachimbaji watangulie na lami ifuate. Kukiwa na ulinganifu huo, zuio huwa halina kazi nyingi, kwani wenye kazi kubwa wameshazimaliza.

Uingereza imelibana jambo hilo kwa namna inayonipendeza zaidi. Kifungu cha 58 cha sheria yao ya mwaka 1991 kuhusu kazi za barabarani kinairuhusu mamlaka ya barabara kuzuia uchimbaji baada ya matengenezo makubwa, kwanza kwa miezi 12 na siku hizi hata kwa miaka 5 kama barabara imejengwa upya, lakini kwa sharti kwamba mamlaka hiyo itoe notisi angalau miezi 3 kabla ya kuanza kazi. Maana yake ni kwamba mamlaka isiyotangaza mapema haina zuio la kutumia baadaye. Wajibu unamwangukia kwanza mwenye lami, kisha mwenye bomba, na sidhani kama kuna mpangilio ulio wa haki kuliko huo.

New York nayo huhesabu miaka 5 kwa barabara zake mpya, na humtaka aliyekata abaki na dhamana ya kiraka chake: miaka 3 katika barabara ya kawaida, na hadi miaka 5 katika barabara iliyo chini ya ulinzi. Huko hubandikwa pia vidude vidogo vya plastiki vya mviringo ndani ya kiraka, vya rangi zinazomtambulisha aliyechimba, ili kiraka kikizama pasiwe na ubishi. Ningefurahi kuviona vidude hivyo katika mitaa yetu kabla ya kuona kanuni nyingine yoyote.

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Miji yetu bado inajengwa, na mtu anayehamia katika kiwanja chake mwaka wa tatu baada ya lami kuwekwa ana haki ya kupata maji sawa na jirani aliyetangulia. Kumwambia asubiri miaka 2 kwa ajili ya uzuri wa barabara ni dhuluma. Vilevile bomba lililopasuka halisubiri kikao. Tatizo ni kwamba neno dharura hunyooka kadiri linavyovutwa, na penye zuio kali kila kazi iliyosahaulika huja ikijiita dharura.

Kwetu Tanzania barabara za wilaya na mitaa zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017, huku barabara kuu na za mikoa zikisimamiwa na TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inadai ruhusa ya mamlaka husika kabla ya mtu kugusa hifadhi ya barabara. Kibali, basi, kipo. Ninachokitamani ni jambo dogo la kiufundi linalofanywa wakati barabara bado ni udongo: kulaza mabomba matupu ya plastiki yanayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kila baada ya umbali fulani, na kuweka alama juu ya jiwe la ukingo ili yaonekane baadaye. Bomba kuu la maji kwa kawaida hupita upande mmoja tu wa mtaa, na wanaoishi ng'ambo ndio ambao maunganisho yao huikata lami.

Wakazi hao hawahitaji utafiti ili wajulikane, kwa kuwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanavifahamu viwanja vyote visivyo na maji. Orodha yao ikibandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa miezi 3 kabla ya greda kufika, pamoja na tarehe ambayo baada yake hakuna kukata isipokuwa kwa bomba lililopasuka, walio tayari watalipia maunganisho mapema. Atakayejenga baadaye atapitisha bomba lake ndani ya lile tupu kwa kuchimba kando ya barabara pande zote mbili, na fundi wake hatakuwa na haja ya msumeno wa kukatia lami.